Barbados ya Wenye Mashamba

Ramani za kale za visiwa vya Karibi husifiwa kama kazi ya mabaharia: waridi la dira, mistari ya pepo, merikebu zilizotweka matanga. Kwa Barbados sifa hiyo inapotosha. Ramani zake tatu mashuhuri, ya Richard Ligon (1657), ya Richard Ford (miaka ya 1670) na ya William Mayo (1722), ni daftari la mali kabla ya kuwa kitu kingine. Ligon, aliyeishi kisiwani kuanzia 1647 hadi 1650 na kuandika kitabu chake London akiwa amefungwa kwa madeni, alisongamanisha majina ya wenye mashamba kando ya pwani. Hata ekari 10,000 za wafanyabiashara wa London hazikusahaulika. Ndani ya kisiwa, kulikobaki wazi, kuna ngamia, nguruwe, na mpanda farasi anayewafyatulia risasi Waafrika wawili wanaotoroka. Hao wawili hawana majina.

Mtu anaweza kudai kwamba ramani haibebi kila kitu, na kwamba kumlaumu mchoraji kwa alichokiacha ni kumwonea. Hoja hiyo ina uzito hadi tunapofika kwa Ford. Mpima ardhi huyu alitofautisha kwa alama kinu cha upepo, cha maji na cha kusukumwa na ng'ombe, lakini makanisa na ngome hakuvitia. Mwaka 1680 gavana Jonathan Atkins aliwaeleza wakubwa wake London sababu yake: Ford alikuwa wa dhehebu la Quaker, watu wasiotaka vita wala kanisa la serikali. Kwa hiyo kuacha kulikuwa uamuzi, na watu wa zama zile walilijua hilo. Kinu cha ng'ombe kilipata alama yake. Waafrika waliokilisha miwa, ambao wakati huo walishawazidi Wazungu kwa idadi, hawakupata. Na tukiambiwa kwamba wachoraji walifuata tu matakwa ya wanunuzi, tukubali, maana wanunuzi wenyewe walikuwa wenye mashamba na waliowakopesha.

Mayo alikipima kisiwa upya kati ya 1717 na 1721, na umbo lake likanyooka kuliko lilivyowahi kuchorwa. Usahihi huo, kwa maoni yangu, umesifiwa kupita kiasi, kwani vipimo vilikuwa bora ila orodha ilibaki ileile ya wamiliki na vinu vyao. Hata hivyo orodha hiyo ina kazi ambayo Mayo hakuikusudia. Kuanzia 1817 wamiliki wa Barbados walilazimika kuwasajili watumwa wao, kila mtumwa chini ya mmiliki wake. Pale ambapo shamba halikubadili jina, msomaji anaweza kutoka kwenye daftari la usajili hadi kwenye ramani ya 1722, akaona ni kilima kipi na kinu kipi vilivyokuwa karibu na watu hao.