Bei ya geti: Mara na Serengeti yake

Vitabu vya wasafiri vya mwishoni mwa miaka ya 2000 vinafurahisha kusoma siku hizi, hasa ule ukurasa wa viingilio. Serengeti: mgeni dola 50, raia wa Afrika Mashariki shilingi 1,500. Basi. Leo mgeni analipa dola 60 au 70 kutegemea msimu, na VAT juu yake, kodi iliyoanza kutozwa kwenye huduma za utalii Julai 2016. Raia analipa 10,000, ukiweka VAT ni 11,800.

Piga hesabu. Bei ya mgeni haijafika hata mara mbili. Ya mwenyeji imepanda karibu mara nane. Ni kweli shilingi imeanguka sana hapo katikati, na 11,800 bado ni pesa ndogo mbele ya dola 70. Ila mtu wa Bunda halinganishi na dola. Analinganisha na debe la mahindi.

Wenzetu wa Colorado nao wanalia kwamba siku moja ya kuteleza kwenye theluji pale Vail, ukikata tiketi dirishani msimu ukichanganya, imepita dola 300. Nawaonea huruma, lakini sioni kama babu zao walizikwa chini ya vile viti vya waya.

Na hapo ndipo historia ya geti letu inapoanza. Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti (2007), alikusanya masimulizi ya wazee wa Ikoma, Nata, Ishenyi, Ngoreme na Watatoga. Anachoonyesha ni kwamba wazee hawaitaji nyika tupu hata kidogo. Wanataja mahame, vilima vya matambiko, visima, njia za mawindo. Kila kituo kina jina na ukoo wake. Kisha chukua kazi ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael ya mwaka 1959, kitabu na filamu iliyopata tuzo ya Oscar: Serengeti ya nyumbu na pundamilia, binadamu akionekana zaidi kama tatizo. Dunia ilisoma cha pili. Bei ya geti inauza hicho cha pili.

Mkoloni alikuwa ameshapiga mstari. Sehemu ilifanywa pori la akiba 1929, hifadhi ya taifa ikaja 1951, na 1959 Ngorongoro ikakatwa pembeni ili Wamasai wabaki huko na mifugo yao. Upande wa magharibi, wetu, hapakuwa na mapatano ya namna hiyo. Mwindaji wa Ikoma alilala mwindaji akaamka jangili.

Uhuru ulipokaribia, Septemba 1961, Mzanaki wa Butiama alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori (si lile la 1967, tusichanganye), ambalo wataalamu wa kigeni walikuwa na mkono katika kuliandaa. Nyerere amenukuliwa akisema kwamba yeye mwenyewe hana hamu ya kumaliza likizo akitazama mamba, ila Wazungu na Wamarekani wanayo hamu hiyo, na ni fedha za kigeni baada ya almasi na mkonge. Naiona kauli ya mkweli. Hakujidai mpenzi wa simba. Alifanya biashara kwa niaba ya nchi maskini. Swali ambalo biashara ile haikujibu ni mwenye mlango anaingiaje kwake.

Maana wapo wanaolipa bila hata kutaka kutalii. Basi la Musoma kwenda Arusha linalokatiza hifadhini hubeba abiria wanaolipia hifadhi mbili, Serengeti na Ngorongoro. Unakwenda msibani, unalipia nyumbu. Ukikwepa, unazunguka Mwanza, Shinyanga, Singida, yaani unalala njiani. Mwaka 2010 serikali ya Kikwete ikataka barabara kuu ya kupita kaskazini mwa hifadhi, kilomita 53 ndani yake. Shirika la kutetea wanyama la Kenya likaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikazuia lami. Kwa nyumbu wanaohama nadhani iliamua sawa. Lakini kwenye kelele zote zile za dunia, abiria wa Mugumu alisikika kidogo mno.

Na mstari bado unasogea. Bunda, kata ya Nyatwali pale Ghuba ya Speke, serikali imeamua wakazi wapishe ili wanyama wafike ziwani kunywa maji. Watu wamebishana kuhusu fidia, kwa shilingi ngapi shamba, kwa ngapi mwembe. Likishaunganishwa na hifadhi, kijana aliyevua dagaa pale akitaka kurudi kupaangalia, bei yake imeshaandikwa: 11,800.