Njugu, Ufuta na Bakuli la Mtoto

Mtu akiulizwa ni bidhaa gani zilizoijenga biashara ya pwani hii zamani, atajibu mara moja: pembe za ndovu na karafuu, akiwa mkweli ataongeza watumwa. Ni wachache watakaotaja ufuta. Hata hivyo mbegu za mafuta, yaani ufuta, njugu nyasa, kweme na jamaa zake, zina historia ndefu katika nchi hizi, na swali moja limezifuata tangu kale: zalimwa ili ziliwe na nani?

Tuanze na iliyo yetu kwa asili. Mkweme ni mmea utambaao juu ya miti mirefu, nao wajulikana sana Usambara na Kilimanjaro. Matunda yake ni makubwa kama maboga, na ndani mna mbegu bapa zenye gamba gumu. Ukilivunja gamba utapata kiini ambacho zaidi ya nusu yake ni mafuta. Uchagani kweme zilikuwa akiba ya mzazi: mwanamke aliyejifungua alipikiwa mchuzi wake ili apate nguvu na maziwa yaje kwa wingi. Wazee hao hawakuwa na mizani ya daktari, lakini walitambua kwamba mwenye kunyonyesha ahitaji chakula chenye mafuta kuliko mtu mwingine. Kweme haikupata kuwa bidhaa kubwa ya kupakiwa melini, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyoifanya desturi yake idumu.

Njugu mawe nazo ni za Afrika, ila mafuta yake ni machache. Katika chungu hukaa mahali pa maharagwe. Njugu nyasa, ambazo wengi huziita karanga, zilitoka Amerika ya Kusini, zikaletwa Afrika na Wareno tangu karne ya 16. Watu walipoziona zikizaa chini ya udongo kama njugu mawe, wakazipa jina la njugu. Lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na kiasi cha robo ni protini, chakula kiujengacho mwili.

Habari za ufuta ni nyingine. Vifuko vyake vikikauka hupasuka. Kwa hiyo hukatwa mapema, ukafungwa matita na kusimamishwa juani, kisha hupigwa juu ya mkeka, mbegu zikamwagika. Nusu ya mbegu hizo ni mafuta. Wenye viwanda vya mafuta na sabuni wa Marseille, katika Ufaransa, walizitamani sana, na katika miaka ya 1840 wafanya biashara wa huko walikuwa wakizitafuta Unguja. Mwaka 1844 Ufaransa ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said. Baadaye, kama mwaka 1861, zamani za Sayyid Majid, mji wa Malindi uliokuwa magofu ulikaliwa upya, na haukupita muda mrefu mashamba ya mtama na ufuta yakaenea nyuma yake. Waliolima walikuwa watumwa, kila mmoja akikatiwa ngwe yake. Mtama mwingi ulipakiwa majahazini kwenda Arabuni, na ufuta ukapitia Unguja kwenda Ulaya. Hivyo jasho la Malindi liligeuka sabuni mikononi mwa watu wasiojua Malindi iko wapi. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Si ufuta wote uliokwenda. Mjini Unguja, na Lamu pia, vilikuwako vinu vya kushindikia mafuta: ngamia aliyefungwa kitambaa machoni alizunguka kutwa, akivuta mti uliougeuza mchi mkubwa ndani ya kinu, mafuta yakachuruzika polepole, na mashudu yakapewa wanyama. Mbegu nyingine zilinyunyizwa juu ya mkate wa ufuta, ambao hata leo ni nadra kuukosa Unguja mwezi wa Ramadhani.

Tuje kwenye njugu nyasa. Baada ya vita vya mwaka 1939 hata 1945, Waingereza walikuwa na dhiki ya mafuta; siagi na majarini zilitolewa kwa kipimo. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa shauri kwamba njugu zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Wajumbe waliotumwa kuitazama nchi walimaliza kazi yao kwa wiki 9, na sehemu kubwa waliiona kutoka katika ndege. Ilikusudiwa kufyeka eka zaidi ya milioni 3, nyingi zake katika Tanganyika, kwa pauni milioni 25. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Vichaka na mibuyu vilivunja mashine, mvua haikutosha, na udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, hata njugu zikashindikana kung'olewa. Mwaka wa kwanza zilitarajiwa eka 150,000, zisipandwe hata 10,000. Januari 1951 mpango uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika hesabu. Wagogo, wenyeji wa nchi ile, walikuwa wakipanda uwele na mtama, kwa kuwa waliijua mvua yao. Watu wengi huzicheka mashine zile. Sisi twaona afadhali kukumbuka kwamba meza iliyofikiriwa kwanza ilikuwa ya Uingereza.

Na mtoto wa huku je? Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi mtupu: miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, na wengi hufa. Watu wa Accra waliuita ugonjwa huo kwashiakoo, maradhi yampatayo mtoto mdogo wake akizaliwa. Miaka 63 baadaye, mwaka 1996, daktari Mfaransa André Briend alishiriki kutengeneza chakula cha kuwaponya watoto waliodhoofu kwa njaa. Msingi wake ni njugu nyasa zilizosagwa, zikachanganywa na unga wa maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Leo chakula hicho hupelekwa penye njaa duniani kote.

Dawa ya hospitali haipikwi jikoni, lakini njugu zimo jikoni tayari. Mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya unga ulio sawa nayo kwa uzito, tena huusaidia mwili kuipokea vitamini A iliyomo katika mchicha na kisamvu. Kwa hiyo mboga iliyoungwa kwa njugu humfaa mtoto kuliko iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu. Njugu zianikwe zikauke barabara, na zenye ukungu zitupwe, wala zisipewe kuku. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya njugu yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Kwa mtoto mchanga aliyeanza kula, zikaangwe kidogo, zitwangwe mpaka ziwe laini kabisa, ndipo zikorogwe katika uji ungali motoni. Asipewe nzima, zisije zikampalia.