Nani alimfundisha nani? Ubishi wa magwiji wa gitaa

Jumapili alasiri, mahali popote panapochomwa nyama kati ya Kitengela na Isinya, haichukui muda kabla ya mtu kuuliza nani alikuwa mkali zaidi wa gitaa. Anayemtaja Daudi Kabaka atapingwa na mfuasi wa D.O. Misiani. Mfuasi wa Misiani atapingwa na Mkamba aliyelelewa kwa nyimbo za Kakai Kilonzo. Kisha vijana wa meza ya pili, waliokulia kwenye muziki wa roki wa Jimi Hendrix, Beatles na Queen, watasema kwamba wazee hao wote waliwaiga Wazungu tu. Hapo ndipo sauti hupanda. Nimeusikiliza ubishi huu kwa miaka mingi, na naona unastahili kuandikiwa historia yake, kwa sababu dai la vijana kwamba sisi tulikuwa wapokeaji tu haliendani na yaliyotokea.

Kitengela ni mahali panapofaa kwa kesi hii. Mji umeota haraka juu ya mbuga za Athi-Kapiti, zilizokuwa malisho ya Wamaasai, na sensa ya 2019 ilihesabu humo zaidi ya watu 150,000. Wengi walivutwa na kazi za jirani pale Athi River, kwenye kiwanda cha nyama cha KMC, viwanda vya saruji na ukanda wa EPZ, au walikuja kununua ploti na kujenga. Kila mmoja alihama na santuri za kwao. Ndiyo maana hapa hakuna shujaa anayepita bila kupingwa, tofauti na Kisumu au Kakamega ambako jibu hujulikana kabla ya swali kuulizwa.

Wenyeji wa Kajiado nao wana sikio lao. Muziki wa asili wa Kimaasai haukuhitaji gitaa. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, huanzisha, kundi humjibu kwa sauti nzito za kooni, na pembe ya tandala hulia wakati wa sherehe ya eunoto. Gitaa lilifika kwa njia za wageni. Lilikuja kwa reli ya Konza hadi Magadi, iliyokamilika 1915 ikipitia mji wa Kajiado, na iliyoleta vibarua kutoka pande nyingi za nchi kwenye kiwanda cha magadi. Lilikuja kwa redio. Na lilikuja kwa barabara ya Namanga, ambayo nitairudia baadaye.

Tuanze 1952, mbali kidogo na hapa. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika Jadotville huko Katanga, mji unaoitwa Likasi leo. Huko alimkuta kijana Jean-Bosco Mwenda akipiga wimbo wake “Masanga”. Ni gitaa moja kavu, bila ngoma. Kidole gumba kinatembeza besi kwenye nyuzi nene huku kidole cha shahada kikicheza wimbo kwenye nyuzi nyembamba, na kila kidole kina mwendo wake. Asiyejua huapa kwamba wapigaji ni wawili. Mimi mwenyewe huusikiliza nikifuata gumba peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, kisha narudia nikifuata shahada, na kila mara kuna kitu kipya.

Santuri ya “Masanga” ilitoka chini ya nembo ya Gallotone, mali ya kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Gallo hao hao waliuza pia magitaa ya bei nafuu. Tarehe 6 Julai 1957, kwenye sherehe ya kanisa la St Peter's huko Woolton, mjini Liverpool, kijana wa miaka 16 alipanda jukwaani na bendi yake ya Quarrymen akiwa ameshika gitaa aina ya Gallotone Champion, lililotengenezwa Afrika Kusini. Kijana huyo alikuwa John Lennon, na siku hiyo ndiyo aliyokutana na Paul McCartney. Mwaka 1999 gitaa hilo lilipigwa mnada London kwa zaidi ya pauni 150,000. Sidai kwamba Lennon alimsikia Mwenda, na atakayedai hivyo atakuwa anatunga. Ninachosema ni kwamba wakati Beatles hawajazaliwa kama bendi, Mwafrika alikuwa ameshaweka kwenye santuri ufundi ambao wapiga gitaa wa dunia nzima wanajifunza hadi leo, na kiongozi wa Beatles alianza kwa kifaa kilichotoka bara hili.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikuja Nairobi, akapata kipindi redioni kilichodhaminiwa na watengenezaji wa dawa ya Aspro. Mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, naye alikuja na akawa akitangaza Coca-Cola. Vijana wa Kenya waliwasikia, wakawatazama vidole, wakaenda kujaribu. Kutoka Kisa huko Magharibi akatokea George Mukabi, mwimbaji wa “Sengula Nakupenda”, na mtindo uliokuja kuitwa omutibo. Hapa ndipo wabishi wa Kitengela hugawanyika kwa ukali. Wapo wanaosema Mukabi ni mwanafunzi wa Wakongo. Mimi nasema alichukua kazi ya gumba na shahada, kisha akaifanyia mambo ambayo Mwenda hakuyafanya. Msikilize vizuri: pembeni kuna chupa ya Fanta, ile yenye mikunjo, inayokwaruzwa na kugongwa kushika mwendo, na gitaa linakwenda kwa haraka ya ngoma za kwao, bila utulivu ule wa Katanga. Mukabi aliuawa 1963 akiwa bado kijana, na alichoacha kwenye santuri ni kidogo kuliko alichostahili kuacha.

Pwani ilikuwa na mwalimu wake kabla ya hao. Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa 1924, alitumikia kwenye kikosi cha burudani cha wanajeshi wa Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akafika hadi Asia. Aliporudi alileta mikondo ya jazi na ya Kilatini, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga gitaa la umeme Afrika Mashariki. Nyimbo kama “Tausi” zina mtindo wa kistaarabu ambao wengi leo huuona wa kizamani. Si wa kizamani hata kidogo. Ni wa mtu anayejua kila noti anayoiacha nje na sababu ya kuiacha.

Vijana wa meza ya pili wana hoja moja yenye nguvu, nayo ni twisti. Chubby Checker aliieneza Marekani 1960, na muda mfupi baadaye Nairobi ilikuwa imejaa twisti ya Kiafrika, iliyochanganywa na kwela ya kusini. Kitovu chake kilikuwa studio ya Equator Sound chini ya Charles Worrod. Humo walikusanyika Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Jina la twisti liliazimwa, hilo nalikubali bila shida. Lakini fuateni mkondo ulikoelekea. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza iitwayo Tremeloes iliuchukua “Helule Helule” wa Kabaka, ikaupeleka hadi nafasi ya 14 kwenye chati za huko. Hawa Tremeloes si bendi ya vichochoroni. Tarehe 1 Januari 1962, wao na Beatles walifanyiwa majaribio siku moja na kampuni ya Decca, na Decca ikawachagua Tremeloes. Bendi iliyowahi kuwekwa mbele ya Beatles ilikuja kutafuta wimbo kwa Kabaka wa Nairobi! Kila ninapolisema hilo pale Kitengela, meza ya pili hunyamaza kwanza, kisha huomba niurudie mwaka.

Kuazima kwa namna hiyo kulileta pia kidonda, na kidonda hicho kinaitwa “Malaika”. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa miaka mingi dunia ilimjua yeye kuwa mtunzi. Adam Salim wa Tanganyika alidai kwamba aliutunga tangu 1945, na Grant Charo wa Kenya naye alikuwa na dai lake. Miriam Makeba aliufanya wa dunia, na Boney M waliurekodi 1981. Kati ya 2000 na 2001 tuliwazika Fundi Konde, Fadhili na Kabaka, kila mmoja akiwa ameimbwa na watu wasiomjua. Sioni sababu ya kumvua Fadhili heshima: sauti yake na mpangilio wake ndivyo vilivyoubeba wimbo. Lakini kumtukuza huku tukimfuta Salim kabisa ni kosa lile lile tunalowalaumu nalo wageni.

Wengine humleta Freddie Mercury kama shahidi wetu. Ni kweli kwamba Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja 1946, na familia yake ikahamia Uingereza 1964 baada ya mapinduzi. Hata hivyo piano alijifunza shuleni India, na Queen ni matunda ya London. Kuzaliwa mahali si kufundishwa na mahali hapo. Nikimkataa Freddie nafanya hivyo kwa kipimo kile kile ninachotumia kuwatetea wengine: nionyeshwe kitu kinachosikika ndani ya muziki wenyewe.

Kwa kipimo hicho benga inasimama imara kuliko mtindo mwingine wowote wa Kenya. Kuhusu baba yake, Waluo wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaomtaja John Ogara na bendi ya Ogara Boys ya miaka ya 1960, na wapo wanaosema ni Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kuifanya Shirati Jazz kuwa jina kubwa hadi kifo chake 2006. Kinachosikika wazi ni nyatiti: zile noti fupi zinazodonolewa mfululizo kwenye nyuzi nane zimehamishwa kwenye gitaa la umeme, na besi imepewa kiburi cha kukimbia mbele badala ya kufuata nyuma. Hakuna Mzungu aliyefundisha hilo. Benga ilisafiri hadi Zimbabwe, ambako watu waliuita muziki huo kanindo, kwa jina la mtayarishaji wake wa Kenya, Phares Oluoch Kanindo.

Sasa barabara ya Namanga. Ni lami inayoshuka kutoka Athi River, ikapita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bisil hadi mpakani, na upande wa pili ni Arusha. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga, ambako walianza na Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walikuwa Arusha na bendi ya Arusha Jazz, na 1971 walikuwa wameingia Kenya na kuwa Simba Wanyika. Wakongo nao walikuwa wakifika: Super Mazembe, Baba Gaston, Samba Mapangala na Virunga yake. Ulipofika 1978 baadhi ya wanamuziki wa Simba Wanyika walijitoa wakaunda Les Wanyika, wakampata John Ngereza, na wakatoa “Sina Makosa”. Ukiendesha gari usiku kati ya Kajiado na Kitengela na redio ikaucheza wimbo huo, utaelewa kwa nini hapa hakuna anayewaita watu hao wageni.

Serikali ilijaribu kuchora mpaka. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kuwa asilimia 75 ya muziki wa redioni uwe wa Kenya, na agizo halikudumu. Lingedumu vipi? Les Wanyika walioimba Kiswahili Nairobi ni wa nani? Misiani wa Shirati je?

Nikirudi kwenye swali la nyama choma, nina jibu langu na sitalificha. Kwa gitaa la mtu mmoja, kiti cha mbele ni cha Mwenda, na Mukabi aketi jirani yake kabisa, si nyuma. Kwa bendi, nampa heshima ya juu mtu ambaye wengi kwenye ubishi hawamtaji: Omar Shabani, “Professor”, mpiga rithimu wa Les Wanyika. Tumezoea kuhesabu ufundi kwa solo, kwa sababu solo ndiyo inayopiga kelele na ndiyo tuliyozoezwa na roki kuishangilia. Rithimu ya Shabani haipandi wala haishuki. Inazunguka kwa noti chache zilizopangwa kwa hesabu kali, ikiiachia besi ya Tommy Malanga nafasi ya kuzungumza na sauti ya Ngereza nafasi ya kulalamika. Wapiga solo wamebadilishwa katika bendi nyingi na nyimbo zikaendelea kuishi. Anayenipinga na aucheze “Sina Makosa” tangu mwanzo, aifute rithimu hiyo masikioni mwake, kisha aniambie kilichobaki.