Kanuni za Bahari ya Chale na Kilichofutwa Ndani Yake

Mwaka 1973 serikali ya Kenya iliyatangaza maji ya Kisite na Mpunguti, kusini ya kisiwa cha Wasini, kuwa hifadhi, na wavuvi wa Wasini na Shimoni wakalalamika. Mwaka 1978 tangazo hilo lilibadilishwa. Kisite, yenye kilomita za mraba 28, ikawa mbuga ya bahari isiyovuliwa kabisa. Mpunguti, yenye kilomita 11, ikawekwa kando ili wavuvi waendelee na uvuvi wao wa jadi. Asomaye tangazo la pili peke yake huona serikali karimu. Asomaye yote mawili huona watu waliorudishiwa sehemu ya walichopokonywa, na kilichorudishwa hakiombwi upya kila afisa mpya anapokuja. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwenye kutafuta historia ya bahari ya Chale, kaskazini ya hapo, pande za Diani na Kinondo, asitosheke na kanuni zilivyo leo. Atazame kilichokatwa, kilichoongezwa, na nani alitaka iwe hivyo.

Chukua juya, wavu wa kukokotwa unaozoa mpaka samaki wachanga. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2001, pamoja na bunduki ya kuchomea samaki. Lakini kabla ya hapo, upande wa Diani na Kinondo, kulikuwa na wazee wa uvuvi waliokuwa wakilizuia juya kwao, wakitoa sadaka kwenye mizimu ya pwani na kumtaka mvuvi mgeni ajitambulishe kwanza. Katazo la 2001 halina neno juu yao. Kwa maandishi, wazo limezaliwa Nairobi. Kwa kweli lilishazoeleka bandarini, likachukuliwa bila jina la mwenyewe.

Mtu atauliza, na ana haki: hao wazee nao walimwandikia nani? Kanuni yao ilikaa vichwani, ikiweza kubadilika usiku mmoja kumfaa mwenye chombo, na mara nyingi ilimwangukia Mpemba aliyeletwa na kaskazi au mama karanga, mchuuzi wa samaki wa kukaanga, asiyekuwa na sauti barazani. Nakubali. Maandishi yalikuja na faida hiyo: kanuni za serikali za mwaka 2007 zilizounda BMU, vikundi vya usimamizi wa bandari za uvuvi, ziliwapa nafasi wachuuzi pamoja na wavuvi na wenye vyombo, na sheria ndogo za kila bandari zikahitaji kupita kwenye mkutano wa wanachama. Ila maandishi yanayobaki toleo la mwisho tu yana ubaya uleule wa kanuni ya kichwani, tena yamegongwa muhuri. Hapo ndipo wapenzi wa karatasi wanapojidanganya.

Lipo na kosa la upande wa pili. Hifadhi ya Bahari ya Diani-Chale ilitangazwa mwaka 1995. Wavuvi wakaikataa, isitekelezwe. Bahari ikaenda zake, tangazo likabaki pale pale. Karatasi isiyorekebishwa hupotosha kama ile iliyorekebishwa kimyakimya: mgeni anayeiona kwenye ramani atadhani wavuvi wanaiba katika hifadhi.

Wengine watasema BMU ni watu wa kujitolea, wanaotoka baharini wamechoka, na kuwadai kumbukumbu za kila badiliko ni kuwageuza makarani. Lakini kazi hiyo nusu imeshafanywa, kwani mkutano huwa na katibu na daftari la mihutasari. Kinachobaki ni kutoitupa nakala ya zamani, kukipiga mstari kifungu kilichoondolewa badala ya kukichapa upya, na kuandika pembeni tarehe, aliyependekeza na waliopinga. Siku mabishano ya ringneti, wavu mkubwa wa kuzungushia samaki, yatakaporudi, na hayakawii, ukurasa huo ndio utakaoonyesha kama wavu huo uliwahi kukubaliwa, msimu upi, kwenye kina gani, na kwa ahadi ya nani.