Njia ya Mpanda Kupita Hifadhi ya Katavi

Mwalimu afundishaye historia ya Mpanda hana budi kuianza na njia. Nchi hii, iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, ilijua nyayo za wapagazi kabla ya kujua magurudumu. Kutoka Karema, ambako Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879 na Mapadre Weupe wakakirithi mwaka 1885, misafara ilikata misitu kuelekea Tabora.

Tusidhani kuwa misitu hiyo ilikuwa tupu tangu kale. Wabende walilima na kuwinda humo, wakatambikia mzimu wa Katabi chini ya mkwaju karibu na ziwa. Ndiko lilikotoka jina la hifadhi. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wengi wa eneo la magharibi katika makazi ya pamoja, ili kupambana na ugonjwa wa malale. Mashamba yaliyoachwa yakarudiwa na miombo. Kwa hiyo ukimya wa pori nao una historia ya watu ndani yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, madini ya risasi ya Mpanda yalileta reli kutoka Kaliua, iliyofika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini mji ulibaki, na mji hauishi bila jirani. Njia ya kwenda Sumbawanga huvuka Mto Katuma pale Sitalike, penye viboko, hupita tambarare, kisha hupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi nyanda za juu za Ufipa.

Ugumu wake ni wa namna mbili. Mlimani, maji ya mvua hushuka kwa kasi yakichimba kingo. Hapo mjenzi huhitaji mifereji imara. Mbugani, udongo mweusi hufura wakati wa masika na kumeza magurudumu. Hapo huhitaji tuta, changarawe na makalvati.

Mwaka 1974 Katavi ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Tangu hapo njia ile ina wenye haki wawili: msafiri apelekaye mgonjwa au magunia ya mahindi, na tembo aendaye majini. Katika miaka ya 2010 lami ilitandazwa kutoka Mpanda hadi Sitalike, ukingoni mwa hifadhi. Lami huokoa maisha ya watu. Lakini huongeza mwendo, na mwendo huua wanyama. Hatuwezi kumwambia mama mjamzito asubiri tope likauke, wala hatuwezi kumfundisha twiga alama za barabarani. Anayeweza kujifunza ni dereva. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Mwanafunzi apitaye njia hiyo asihesabu wanyama tu. Na awaulize wazee wa Kibende majina ya vijiji vilivyokuwa humo, kabla hayajasahauliwa.