Kabla Ununue Mashine ya Kukata Nyasi Ukambani, Angalia Shafti

Kila Novemba mvua ikishika Ukambani, kuna msee huamka na wazo lilelile: nyasi za shule zimemea, uwanja wa kanisa umekuwa msitu, wacha ninunue mashine nitengeneze pesa. Mimi nilikuwa huyo msee. Nilikuwa nimeacha chuo, nikachanganya pesa kidogo ya karo iliyobaki na ya binamu yangu, tukanunua mashine ya petroli, mtumba. Tulikata nyasi huko Wote mpaka Januari. Jua likafanya kazi yake, mashine ikaingia stoo. Novemba iliyofuata tulivuta kamba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Haikuwaka.

Fundi wa Kitui aliyeifungua hakuuliza ni ya kampuni gani. Aliuliza, "Kijana, shafti ya hii injini inaangalia wapi?" Nikamwambia inaangalia chini. Akacheka kidogo, akaendelea kufungua. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, maana kicheko kile kiliniuma kuliko hasara.

Mashine ya kukata nyasi ilizaliwa Uingereza, kwa watu ambao mvua ni kero. Mwaka wa 1830 Edwin Budding alichukua wazo kutoka mashine ya kiwanda cha nguo, ile ya kunyoa manyoya ya kitambaa, akalipeleka kwenye nyasi. Injini hakuna, ni kusukuma tu. Ilipofika 1902 kampuni ya Ransomes ikaanza kuuza yenye injini ya petroli. Bado visu vilizunguka kama pipa linalobiringika.

Mambo yalibadilika Sydney, Australia, mwaka wa 1952. Mervyn Victor Richardson alichukua injini ndogo ya Villiers, akailaza ubavu ili shafti iangalie chini, akafunga visu hapo hapo kwenye shafti. Tangi la mafuta la mashine ya kwanza lilikuwa mkebe wa matunda ya pichi. Manze, hiyo ni jua kali kabisa! Ungedhani ametoka Gikomba. Mashine yake ikaitwa Victa. Mwaka uliofuata Briggs & Stratton wa Marekani wakatoa injini ya alumini, nyepesi, na mashine ya nyasi ikawa kitu cha nyumba ya kawaida. Tangu hapo injini nyingi za nyasi zinatengenezwa na shafti ya wima. Ni nzuri kwa kisu. Kwa kazi nyingine, karibu ni bure.

Sasa leta hiyo injini Kitui. Mvua tunayoitegemea ni ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi mara nyingi hutuhepa. Kwa hivyo mashine inafanya kazi wiki chache, halafu inakaa miezi na petroli ndani. Petroli ikikaa, sehemu nyepesi hupotea hewani na kinachobaki hugeuka kama gundi. Matundu ya kabureta ni madogo kuliko sindano, yakiziba umekwisha. Hicho ndicho kilichoua yetu. Hatukuitumia vibaya. Tuliiacha tu.

Upande wa pili kuna ukoo wa injini za shafti ya kulala. Mwaka wa 1983 Honda walitoa injini za GX, valvu zikiwa juu ya silinda badala ya pembeni, na zikabania mafuta. Baadaye viwanda vya China vikaanza kuzinakili. Ukiona 168F imeandikwa kwenye injini, 1 ni silinda moja, 68 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni kwamba inapozwa na hewa. Kwa sababu nakala ni nyingi hivyo, spea nyingi zinaingiliana, na fundi wa Emali au Mutomo ameshaifungua mara mia. Hiyo injini utaikuta kwenye pampu ya maji, jenereta, mashine ya kutetemesha zege. Nenda kando ya mto Athi wakati wa kiangazi usikilize: nyasi zimekauka lakini injini inanguruma, inavuta maji ya nyanya na vitunguu.

Kwa hivyo mtu akiniuliza siku hizi anunue gani, mimi humuuliza kwanza Februari atakuwa anafanya nini nayo. Kama ana kandarasi ya hoteli yenye nyasi za kumwagiliwa, sawa, shafti ya wima, mradi amwage petroli kila akimaliza msimu na asafishe chujio la hewa. Vumbi letu jekundu halina huruma na ringi. Huko Mbooni kwenye miteremko awe makini zaidi: injini nyingi ndogo hurusha oili ndani kwa kuichota, na ukiinamisha sana, chuma kinasaga chuma.

Na stika ya nguvu za farasi msiiamini haraka. Huko Marekani makampuni kadhaa makubwa yalishtakiwa kwa kutia chumvi nambari hizo kwenye mashine za nyasi, kesi ikaisha kwa maelewano mwaka wa 2010. Uliza ujazo wa silinda.

Sisi tuliuza ile yetu kwa bei ya chuma chakavu. Tulichonunua baadaye ni pampu yenye injini ya kulala, iko kwa shamba la susu karibu na Kibwezi, na yeye ndiye anaijua kuliko sisi. Hupiga simu, "Mmeleta oili?" Kabla ya hata salamu. Nyasi za shule bado tunakata Novemba, na slasha, watu wawili, tukianza saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijaamka vizuri.