Koo Tatu za Spana

Anayetaka kujua historia ya karakana za Moshi asianze na magari, aanze na boksi la spana. Langu nimelirithi kwa mjomba, na ndani yake mna koo tatu zisizooana. Kuna Whitworth, za Kiingereza, alizofungulia Land Rover za miaka ya 1950. Kuna za inchi, alizotumia kwenye matrekta ya Massey Ferguson. Na kuna za milimita, zilizoingia na Datsun na Toyota. Vijana wangu wanazijua hizo tu.

Nilizieleza koo hizo upya shule moja iliponiletea trekta dogo la kukatia nyasi, la Kimarekani, la miaka ya 1960. Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa chini, kwenye deki, lile bati zito linalofunika visu. Majani mabichi hugandia upande wake wa ndani na kutunza unyevu, na kutu huanzia pale bati linapokutana na bolti. Kijana akashika spana ya 13. Nikamzuia. Kichwa kile ni cha nusu inchi, yaani milimita 12.7, 13 inaingia kwa raha, ila nati iliyokamatwa na kutu huiponyoka, pembe zinaliwa, na hapo limebaki grinda.

Nikamweleza koo hizo zilikotoka. Mwanzoni mwa karne ya 19, karakana za Uingereza zilikata meno ya bolti kila moja kwa kipimo chake. Ukipoteza nati, urudi kwa aliyeitengeneza. Edwin Budding, aliyepata hataza ya mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830 karibu na Stroud, alifanya kazi katika ulimwengu huo. Sishangai kwamba anatajwa pia katika historia ya spana malaya: pasipokuwa na kipimo cha pamoja, spana inayofuata nati yoyote ni lulu.

Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja: meno ya pembe ya nyuzi 55, ncha za mviringo. Reli zikakipokea, na himaya ikakisambaza. Mwaka 1864, mbele ya Franklin Institute huko Philadelphia, William Sellers akaleta chake: nyuzi 60, ncha bapa, kwa hoja kwamba fundi wa kawaida angeyakata meno hayo kwa urahisi zaidi. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi, ya Sellers 13. Nati ya huyu kwenye bolti ya yule huzunguka kidogo, kisha hukwama.

Vita Kuu ya Pili ilionyesha gharama ya ubishi huo, kwa kuwa washirika walihitaji vipuri vya kubadilishana. Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana kipimo kimoja cha inchi, cha nyuzi 60. Bolti za trekta la shule zilizaliwa na mapatano hayo.

Tulizilowesha kwa dizeli usiku kucha. Asubuhi tukapasha moto nati zilizokaidi, nyingine zikatii. Bolti zenye kichwa cha mviringo na shingo ya mraba zilikataa kabisa: kutu ilikuwa imekula tundu la shingo, bolti ikawa inazunguka pamoja na nati. Hizo tukazikata.

Madukani bolti za milimita zimejaa, za inchi ni za kutafutwa. Palipo na matundu ya kupita moja kwa moja niliweka za milimita 8, maana bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94. Lakini zinazojifunga ndani ya chuma cha kumimina kinachobeba beringi za visu, hapo hakuna ujanja: ni 5/16 yenye meno 18, au unaharibu chuma chenyewe. Nilizipata kwa muuza vipuri vya matrekta.

Mapatano ya 1948 hayakuzifuta Whitworth zilizokwisha kufungwa huku kwetu, wala milimita hazikuzifuta inchi. Kila kipimo kipya kilijipanga juu ya cha zamani, na anayebeba uzito wote ni fundi. Deki ile sasa ina koo mbili. Vichwa vya milimita nimevipaka rangi nyekundu, na mlinzi wa stoo nimemwachia spana mbili, 13 na nusu inchi, nikamwonyesha ipi ni ya wapi.